Neukölln kwa Miguu: Mchana Ulionoga, Usiku wa Kukimbizana

Matembezi ninayoyatathmini hapa yanauzwa na kampuni ndogo ya jijini Berlin. Huanza saa nane mchana pale Richardplatz, katika wilaya ya Neukölln, na kumalizika baada ya saa sita usiku mbele ya mlango wa klabu. Nililipa euro 52, bila chakula, vinywaji wala nauli, na kundi letu lilikuwa na watu kumi na mmoja. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu sehemu kubwa ya nitakayoyasema kuhusu usiku ni lawama, na kijana aliyetuongoza hakustahili kubebeshwa makosa ya ratiba ambayo hakuipanga yeye.

Lango la Brandenburg, makumbusho ya katikati ya mji na mabaki ya Ukuta wa Berlin nilikwisha kuyaona katika safari ya awali. Safari hii nilitaka kuona mahali ambapo watu wa Berlin wenyewe huenda wakitoka kazini, na kwa hilo kampuni ilikuwa imechagua vizuri.

Kiongozi wetu hakuanza kwa hotuba. Alitupeleka moja kwa moja kwenye karakana ya zamani ya mhunzi iliyosimama katikati ya Richardplatz, akatuacha tuizunguke, kisha akauliza ni nani aliyekuwa amekumbuka kwamba bado tuko ndani ya jiji lenye watu zaidi ya milioni tatu na nusu. Swali lilikuwa la haki. Barabara ni za mawe, nyumba ni fupi, nyua zake zina maghala ya mashambani, na Karl-Marx-Straße yenye msongamano wa maduka na magari iko umbali wa dakika chache tu kwa miguu. Hiki ndicho kilichokuwa kijiji cha Rixdorf, ambako mwaka 1737 mfalme Friedrich Wilhelm wa Kwanza wa Prussia aliwapa makazi Waprotestanti waliokuwa wamekimbia mateso ya kidini kutoka Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Katika uchochoro wa Kirchgasse imesimama sanamu ya mfalme huyo, iliyowekwa mwaka 1912 na wazao wa wakimbizi hao kama shukrani. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwani si kawaida kukuta sanamu ya mtawala iliyosimamishwa na wazao wa wakimbizi.

Mwaka huohuo wa 1912 ndipo kijiji kilipobadilishwa jina. Rixdorf ilikuwa imekua na kuwa mji, na sifa yake ilikuwa imekwisha kuharibika kwa mabaa, kumbi za dansi na fujo za mwisho wa wiki, kiasi kwamba wakuu wa mji waliona heri waachane na jina kuliko kuhangaika na sifa. Kaisari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani aliidhinisha jina la Neukölln tarehe 27 Januari, siku yake ya kuzaliwa. Kiongozi alilieleza jambo hili kwa utulivu wa mtu anayejua mwisho wa kisa: jina jipya nalo likaja kuchafuka baadaye, na siku hizi ni lile la zamani la Rixdorf linalorudishwa kwenye vibao vya mikahawa ili kuwavutia wateja. Ningependa kuona maelezo ya namna hii yakitolewa na viongozi wengi zaidi, yaani kisa kimoja kinachobeba mtaa mzima, badala ya tarehe ishirini zinazosahaulika kabla hujavuka barabara.

Kutoka hapo tulitembea kuelekea magharibi hadi Körnerpark. Bustani hii ndiyo iliyonishangaza kuliko zote, na nasema hivyo nikijua kwamba ni ndogo na kwamba vitabu vingi vya wasafiri huipa mstari mmoja au huiruka kabisa. Unatembea katika barabara ya kawaida ya nyumba za ghorofa, magari yameegeshwa pande zote mbili, halafu ghafla ardhi inafunguka chini ya miguu yako. Hapo zamani palikuwa shimo la kuchimbia kokoto, mali ya mfanyabiashara Franz Körner, ambaye aliukabidhi mji eneo hilo kwa sharti kwamba bustani itakayojengwa iitwe kwa jina lake. Ilijengwa kati ya mwaka 1912 na 1916. Badala ya kulifukia shimo, wajenzi walilizungushia kuta zenye matao na kuweka ngazi, chemchemi na jumba la madirisha makubwa, kwa mtindo wa bustani za makasri. Ukishuka ngazi, kelele za barabarani zinabaki juu kama vile mtu amefunga dirisha. Chini tulikuta bibi wawili wakicheza karata kwenye benchi, mtoto akijifunza kuendesha baiskeli kando ya maji, na mwanamume aliyelala kwenye nyasi huku amefunika uso kwa gazeti. Tulipewa dakika ishirini na tano. Zilikuwa chache, lakini angalau hakuna aliyetuhubiria tukiwa pale.

Tempelhofer Feld, uwanja wa ndege wa zamani, ndiyo iliyokuwa moyo wa siku. Ujumbe tuliotumiwa usiku uliotangulia ulikuwa umetuambia tubebe maji na kofia, na sababu yake tuliielewa mara tu tulipopita lango la upande wa Oderstraße. Mbele yetu kulikuwa na uwanda wa hekta zaidi ya 300 usio na kivuli, na njia mbili za kurukia ndege, kila moja yenye urefu wa takriban kilomita mbili. Ndege ya mwisho iliondoka hapa Oktoba 2008, na uwanja ukafunguliwa kwa umma kama bustani Mei 2010. Huu ndio uwanja uliopokea sehemu kubwa ya chakula na makaa ya mawe yaliyosafirishwa kwa ndege wakati Umoja wa Kisovieti ulipoifungia Berlin Magharibi njia za nchi kavu na za maji mwaka 1948 na 1949. Serikali ya jiji ilipotaka kujenga nyumba kwenye kingo zake, wakazi walidai kura ya maoni, na Mei 2014 zaidi ya asilimia 64 ya waliopiga kura walitaka uwanja uachwe ulivyo. Tangu hapo hoja ya kujenga imeibuka tena mara kadhaa, kwani uhaba wa nyumba Berlin si mchezo. Kiongozi wetu, aliyetuambia wazi kwamba yeye mwenyewe anaishi kwa kupangisha chumba kimoja, hakutuficha kwamba suala hilo linamkata kotekote.

Jambo la busara kuliko yote aliyoyafanya ni kutuachia saa moja na nusu bila kutufuata. Nilitembea katikati ya njia ya ndege hadi nikafika mahali ambapo michoro ya rangi iliyokuwa ikiwaongoza marubani bado inaonekana kwenye lami. Upepo hauna kizuizi pale. Watu walikuwa wakirusha vishada vikubwa, wengine wamesimama juu ya vibao vya magurudumu wakivutwa na matanga, na familia zilikuwa zikichoma nyama katika sehemu zilizotengwa kwa kazi hiyo. Karibu na lango tuliloingilia kuna bustani za wakazi zilizojengwa kwa mbao kuukuu, viti vilivyovunjika na hata beseni la kuogea, na ndani yake mmepandwa nyanya, alizeti na mboga za kila aina. Sehemu nyingine ya majani imezungushiwa uzio wakati wa kuzaliana kwa ndege aina ya kipozamataza, ambao hutaga ardhini. Nilimsikia mmoja akiimba angani kabla sijamwona. Angalizo kwa atakayekwenda peke yake: saa za kufunga malango hubadilika mwezi hadi mwezi kufuata machweo, na hubandikwa langoni.

Tukiwa tunatoka, mmoja wetu alitaka kutupa chupa ya plastiki kwenye pipa. Kiongozi alimzuia kwa upole, akaichukua na kuisimamisha chini, kando ya pipa. Chupa ya namna ile ina amana ya senti 25 inayorudishwa dukani, na wako watu wanaojipatia riziki kwa kuziokota. Kuiweka nje kunamwepusha mwokotaji na kuingiza mkono kwenye taka. Hatukuwa tumefika mbali mzee mmoja mwenye kigari cha magurudumu mawili alipopita na kuichukua bila hata kusimama.

Laiti matembezi yangeishia hapo, ningeyapa sifa tupu. Baada ya chakula cha jioni tulipanda hadi Klunkerkranich, baa yenye bustani iliyoko kwenye paa la maegesho ya jengo la maduka la Neukölln Arcaden, na hapo pia sina neno baya. Unaingia dukani, unapanda lifti kati ya mifuko ya manunuzi, unavuka sakafu ya magari, halafu unajikuta kati ya mimea na viti vya mbao huku mnara wa televisheni ukionekana kwa mbali na jua la Juni likichukua muda wake kuzama. Mahali ni pakubwa, na watu kumi na mmoja hawamsumbui mtu.

Baada ya hapo ratiba ilitupangia baa tatu katika Weserstraße na barabara za jirani, dakika arobaini kila moja, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Baa za mtaa huu ni vyumba vidogo vya ghorofa ya chini vyenye makochi ya mitumba na taa hafifu, na uzuri wake wote ni kwamba watu huingia wawili watatu na kukaa hadi wachoke. Tulipoingia kwa mkupuo, mazungumzo yalikatika. Katika baa ya kwanza hapakuwa na viti zaidi ya vinne. Katika ya pili mhudumu alimtazama kiongozi wetu kwa jicho la mtu aliyemwona wiki iliyopita na wiki iliyotangulia pia. Kisha kuna moshi. Sheria ya Berlin inaruhusu kuvuta sigara ndani ya baa ndogo zisizoandaa chakula, mradi wateja wawe wametimiza miaka 18, na wengi wa wenye baa hutumia ruhusa hiyo. Mama mmoja katika kundi letu mwenye pumu alilazimika kusimama nje katika baa zote mbili. Ujumbe uliokumbuka kututajia kofia ungeweza kulitaja na hilo.

Baa ya tatu tuliiruka ili tuwahi klabu. Tulipofika kituo cha Hermannplatz, kiongozi alituonyesha kisanduku cha manjano cha kugongea tiketi, na akasisitiza kwamba tiketi isiyogongwa ni sawa na kutokuwa na tiketi, na faini yake ni euro 60. Tulipanda treni ya U8, tukashuka ng'ambo ya mto Spree, tukasimama kwenye foleni kwa muda wa dakika hamsini hivi. Klabu za tekno, yaani muziki wa dansi wa kielektroniki, ni jambo zito katika mji huu: Machi 2024 utamaduni wa tekno wa Berlin uliingizwa katika orodha ya Ujerumani ya urithi wa utamaduni usioshikika. Katika klabu nyingi kamera ya simu hubandikwa stika mlangoni ili asiwepo wa kupiga picha, na mabaunsa huchagua nani aingie bila kuwajibika kutoa sababu. Kundi la wageni kumi na mmoja linaloongozwa na mtu mwenye orodha ya majina mkononi ndilo hasa kundi ambalo baunsa hulikataa. Tulikataliwa kwa kutikiswa kichwa mara moja. Maelezo ya matembezi yalikuwa yamesema kwamba usiku unamalizikia ndani ya klabu, na hilo ni jambo ambalo hakuna kampuni inayoweza kuliahidi kwa uaminifu. Nilipoandika kudai sehemu ya fedha, nilijibiwa kwamba kiingilio hakikuwa sehemu ya bei, jibu ambalo ni la kweli na lisilohusiana kabisa na nilichouliza.

Saba kati yetu walikwenda kulala. Kiongozi, ambaye muda wake wa kazi ulikuwa umekwisha, aliturudisha wanne tuliobaki hadi kituo cha Schönleinstraße, akatuingiza katika duka dogo la usiku, la aina ambayo wenyeji huiita Späti, kila mtu akanunua chupa yake, tukaketi ukingoni mwa mfereji pale Maybachufer. Kunywa hadharani kunaruhusiwa, na benchi zilikuwa zimejaa watu waliofanya hivyohivyo. Mtu alikuwa akipiga gitaa vibaya ng'ambo ya maji. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu giza liingie, nilipohisi niko Neukölln na si kwenye msafara, na gharama yake haikufika euro tatu.

Kwa hiyo mchana naupa nyota nne na nusu kati ya tano, na usiku nyota mbili, moja ikiwa ni ya lile paa. Kampuni hiyohiyo inauza sehemu ya mchana peke yake kwa euro 28, inayoishia Tempelhofer Feld, na ndiyo ambayo ningeinunua tena. Chagua Ijumaa au Jumamosi, kwa sababu usiku wa siku hizo treni za chini ya ardhi hazilali. Kiongozi akishaagana nanyi langoni, nendeni wawili wawili Weserstraße, bila ratiba.