Kulinda picha za kuchagulia za mteja: kufuli, alama ya maji au udogo wa picha?

Ndugu watazamaji, habari za wakati huu, na karibuni tena studio hapa Dodoma. Msimu wa mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma unapokaribia, na kamati za harusi zikiwa mbioni kukusanya michango, swali ninaloulizwa na wapiga picha wenzangu ni lile lile: mteja ametoa malipo ya awali na anataka kuziona picha ili achague zitakazosafishwa, sasa nimwoneshe kwa njia gani asije akajichukulia zote na kuniachia salio hewani? Leo ninazichambua njia zinazotumika zaidi, nikizipima kwa kipimo kimoja tu, nacho ni kama picha aliyooneshwa mteja inaweza kupelekwa kwa msafishaji mwingine ikatoka vizuri katika ukubwa wa inchi 6 kwa 4, ambao ndio unaoingia kwenye albamu za kawaida.

Wengi wetu hutuma kwa WhatsApp, tukijifariji kwamba programu hiyo huibana picha, na kwa hiyo mteja hapati kitu cha maana. Naomba tupige hesabu pamoja. Picha iliyotumwa kwa ubora wa kawaida hubaki na takriban pikseli 1600, yaani vile vidoti vidogo vinavyoiunda picha, kwenye upande wake mrefu. Ukizigawa kwa inchi 6 unapata zaidi ya pikseli 260 kwa kila inchi, wakati kiwango ambacho mashine za kusafishia hukitaka kwa kazi nzuri ni 300. Tazameni hii niliyoishika hapa mbele ya kamera: imesafishwa kutoka kwenye nakala ya WhatsApp, na mistari ya hina kwenye vidole vya bibi harusi inahesabika. Mteja aliyeipata hii hana sababu ya kurudi dukani kwako, labda awe mtu wa haya.

Ipo pia namna ya WhatsApp ya kutuma picha ionekane mara moja tu, ambayo tangu mwaka 2022 iliongezewa uwezo wa kuzuia skrinishoti. Kwa picha moja ya siri inafaa, lakini kwa mteja anayepaswa kulinganisha picha themanini na kuzirudia akiwa na mama mzazi na mashangazi, haifai hata kidogo.

Sasa tuje kwenye kufuli. Google Drive inakuruhusu kuondoa ruhusa ya kupakua, kuchapa na kunakili kwa wale wanaotazama tu, na huduma za albamu za mtandaoni kama Pixieset na Pic-Time zinakupa neno la siri la albamu, namba ya siri ya kupakulia, na sehemu ya mteja kuweka alama kwenye picha alizozipenda. Sehemu hiyo ya kuchagulia ni nzuri mno, kwa sababu inamaliza ule usumbufu wa kuandikiana “ile ya tatu, siyo hiyo, iliyo juu yake”. Lakini kama ulinzi, kufuli hizi humzuia mvivu peke yake. Simu ya kawaida yenye kioo cha pikseli 1080 kwa upana, ikilazwa ubavu, huionesha picha ya mlalo kwa takriban pikseli 1620 kwa 1080, na skrinishoti yake inatoka na ukubwa huo huo. Kwa maneno mengine, uliyemfungia mlango anaondoka na picha nzuri kuliko uliyemtumia kwa WhatsApp.

Kwa hiyo ninaloliamini ni kwamba ulinzi unaanzia ndani ya faili lenyewe, kabla halijatoka kwenye kompyuta yako. Katika Lightroom, ile programu ya kuhariri picha, unapotoa picha za kuchagulia, weka upande mrefu uwe pikseli 640. Kwenye simu mteja ataona vizuri nani kafumba macho na nani kacheka, lakini kwa inchi 6 hiyo ni pikseli zipatazo 107 tu kwa inchi. Nakala yake ni hii ya pili: ile hina imegeuka ukungu wa kahawia. Asiye na Lightroom atumie digiKam, ambayo ni ya bure na hupunguza picha nyingi kwa mkupuo.

Juu ya udogo huo, ongeza alama ya maji, yaani jina au nembo yako hafifu iliyowekwa juu ya picha. Nembo ya kwenye kona ni tangazo, si ulinzi, kwani hukatwa kwa kidole. Ipitishe kifuani hadi kidevuni, juu ya lesi au ukingo wa joho, kwa sababu programu za kufuta vitu hujaza ukuta mtupu kwa urahisi, ila zikifika kwenye urembo mwingi hubuni vitu ambavyo havikuwapo. Watafiti wa Google walionesha mwaka 2017 kwamba alama ile ile ikirudiwa kwenye picha nyingi, kompyuta inaweza kuitambua na kuiondoa yenyewe, na kwamba kuihamisha mahali tu hakusaidii sana, bali kuipinda kidogo tofauti kwa kila picha ndiko kunakoitatiza. Sidhani kama bwana harusi wa Area D atafika huko.

Kuhusu sheria, kazi za picha zimo miongoni mwa zinazolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini kumshitaki mteja kwa ajili ya picha sita ni hasara tupu. Afadhali makubaliano ya maandishi yaseme kwamba picha kamili hutolewa salio likikamilika. Neno la siri la albamu msiliondoe hata hivyo, maana sura iliyomo ni ya mteja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu yeye pia.

Kama bajeti yako ni ndogo, usianze kulipia albamu ya mtandaoni kwa dola. Pikseli 640, alama kifuani na folda ya Google Drive vinatosha kwa mahafali yote ya mwaka huu; albamu ya kulipia inunue siku utakapochoshwa na kupokea namba za picha kwa sauti za WhatsApp.