Merlin: programu iliyonitambulisha ndege wa dirishani kwa binti yangu

Mimi ni fundi wa nakshi za milango hapa Langoni, Lamu, na jicho langu limezoea kuchungua vitu vidogo. Binti yangu aliyeko Columbus, Ohio, alinitumia picha za ndege wawili. "Baba, huyu mwekundu nampenda. Huyu wa hudhurungi anayefuatana naye ni nani?"

Nilianza na programu moja, siitaji jina, ikanikata pesa kabla ya kunijibu chochote. Ndipo nikapata Merlin, ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell kule New York. Ni bure. Unapakua fungu la ndege wa nchi unayotaka (ni zito, tafuta waifai), kisha unaitumia hata bila intaneti.

Inauliza mambo matano: mahali, tarehe, ukubwa, rangi, na ndege alikuwa akifanya nini. Kwenye ukubwa nilikwama. Shomoro na kunguru nawajua, lakini kipimo cha katikati ni robin, ndege wa kwao mwenye kifua cha rangi ya chungwa, urefu kama sentimita 25. Nikachagua kati ya shomoro na robin.

Kumbe wote wawili ni kadinali, mume na mke! Dume ni mwekundu mwili mzima, na weusi umezunguka mdomo. Jike ni hudhurungi, wekundu umemgusa tu mbawani, mkiani na kwenye kishungi. Nikarudi kwenye picha, nikaikuza. Mdomo ni ule ule, mnene, wa kuvunjia mbegu, na kishungi kimesimama kuliko cha shore wetu. Laiti ningetazama mdomo kabla ya rangi!

Kilichonifurahisha zaidi ni sehemu ya sauti. Binti naye akaipakua, akanipigia kwa video saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwao, kwetu saa saba na nusu mchana, ndiyo kwanza nimetoka kuswali adhuhuri. Kila ndege alipolia, jina la kadinali likawaka kwenye tableti yake. Na aliyekuwa akiimba ni jike! Ndege wengi wa kule mwimbaji ni dume, lakini kadinali jike huimba pia, hata akiwa kiotani.

Sasa binti huweka mbegu za alizeti dirishani. Juzi alimpiga picha dume akimlisha jike mbegu, mdomo kwa mdomo. Picha hiyo nimemwonyesha kila aliyepita karakanani.