Madden, 2K5, College Football na Retro Bowl: uzoefu wa mchezaji wa nusu saa

Kipimo changu cha gemu nzuri nilikipata Mombasa, mtaa wa Majengo, kwenye kibanda cha PlayStation ambako ulilipia mechi moja moja na ukifungwa unampisha mwenzako. Tulikuwa tunacheza Winning Eleven, gemu ya soka. Hakuna aliyewahi kusoma maelekezo. Ulikaa kwenye benchi ukitazama mechi tatu nne, na zamu yako ilipofika vidole vilikuwa vishajua kazi.

Nilipohamia Minnesota, Marekani, nikakuta gumzo la nyumbani ni mpira mwingine kabisa. Mpwa wangu kazaliwa huku, na Vikings, timu ya hapa ya futiboli ya Kimarekani, wakicheza Jumapili humtoi sebuleni. Yeye ndiye aliyenipa pedi mkononi akaniambia, "Mjomba, cheza, utaelewa." Nafanya kazi zamu ya usiku, kwa hiyo nina nusu saa kabla ya kuondoka, na Jumamosi mpwa akija tunapata saa mbili. Kwa muda huo nimecheza gemu nne za futiboli ya Kimarekani kiasi cha kuweza kuzisemea. Namwandikia mtu wa aina yangu, anayependa kucheza lakini hana siku nzima ya kujifunza.

Kwa asiyeujua mchezo: timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu, inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira ni wa wapinzani pale pale ulipo, ndiyo maana jaribio la nne likifika timu nyingi huubutua mbali. Kila kitu kinaanzia kwa kwotabeki, yule anayetupa pasi, na huyo ana sekunde mbili tatu tu za kuamua ampe nani kabla hajaangushwa chini. Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Wakati wenzako watano wanakimbia kila mmoja na njia yake, utamjuaje aliye huru? Kwa hiyo kila gemu naipima kwa jambo moja: pasi yangu ikinaswa na mpinzani, je, naelewa kwa nini imenaswa?

Madden ndilo jina kubwa, na lina historia ya kuheshimiwa. John Madden alikuwa kocha wa Oakland Raiders na aliwapa ubingwa wa Super Bowl, fainali ya NFL, ligi kuu ya mchezo huu, Januari 1977. Alipofuatwa miaka ya 1980 ili jina lake litumike kwenye gemu ya kompyuta, alishikilia kwamba kila upande lazima uwe na watu 11 kama uwanjani. Kompyuta za wakati ule zililemewa na watu 22, kazi ikachukua miaka, na gemu ikatoka 1988 kwenye Apple II. Msimamo ule wa mzee bado unauona. Madden ni gemu ya kocha kabla haijawa gemu ya mchezaji.

Mimi nilicheza Madden NFL 25, ya 2024. Jambo bora kuliko yote ndani yake, kwangu, ni sehemu ya mazoezi inayoitwa Skills Trainer. Nilitumia jioni mbili nzima humo kabla ya kugusa mechi ya kweli, na jioni mbili hizo ndizo zilizonifungua macho. Unafundishwa kutazama walinzi wa nyuma kabisa kabla mpira haujaanza. Mpwa wangu aliliweka vizuri zaidi: "Mjomba, hesabu walio nyuma." Wakiwa wawili, mara nyingi kunabaki uwazi mbali, katikati yao. Wakiwa watatu, huko mbali kumefungwa, basi mtafute mtu wa karibu, pembeni. Si kanuni ya kila mara, maana walinzi huigiza jambo moja wakafanya jingine, lakini kwa mtu anayeanza ni taa. Jumapili iliyofuata nilitazama mechi kwenye televisheni na kwa mara ya kwanza nikaona kitu kabla mtangazaji hajakisema. Gemu iliyonifikisha hapo siwezi kuisema vibaya.

Ila inataka muda. Kabla ya kuanza mpira unaweza kubadilisha njia ya kila mpokeaji, kupanga nani azuiwe na nani, kusogeza mstari wa mbele, na hayo yote saa inakimbia pembeni. Ipo Ultimate Team, ya kukusanya kadi za wachezaji na kujenga kikosi. Wanaoipenda wanaipenda kweli, lakini mtu wa nusu saa hawezi kuilisha, kwa hiyo mimi sikuigusa. Ushauri wangu: anza ngazi ya Rookie, ya wanaoanza, uliache pendekezo la kocha likuchagulie mpango, na ufupishe robo ziwe za dakika tano. Usione haya. Mechi itaisha ukiwa bado una hamu ya nyingine.

College Football 25 ilinikamata kwa njia tofauti. Hii ni ya vyuo vikuu, na ilitoka Julai 2024 baada ya ukimya wa miaka 11, maana iliyotangulia ilikuwa NCAA Football 14, ya 2013. Gemu zile zilisimama kwa sababu ya kesi. Wachezaji wa vyuo walikuwa wanaonekana ndani yake, mwili, namba na uwezo, bila majina na bila kulipwa hata senti. Ed O'Bannon, aliyewahi kucheza mpira wa kikapu chuo cha UCLA, aliongoza mashtaka, na baada ya miaka mambo yakabadilika. Katika gemu hii mpya wachezaji waliokubali kuwemo walilipwa dola 600 kila mmoja pamoja na nakala ya gemu. Kiasi chenyewe wengine wanasema ni kidogo, nami nakubaliana nao, lakini nacheza nikijua kijana ninayemkimbiza uwanjani ameulizwa na amekubali. Hilo kwangu lina uzito.

Kuna timu 134, na kila moja ina uwanja wake na nyimbo zake. Sasa nieleze usiku mmoja. Nimechukua Minnesota, Golden Gophers wetu wa hapa, nikaenda nao Kyle Field, uwanja wa chuo cha Texas A&M unaoingiza zaidi ya watu laki moja. Jaribio la tatu, nahitaji yadi nane. Nabonyeza ili nione mistari ya mbio za wapokeaji wangu, ile inayochorwa uwanjani. Mistari inatokea, lakini imepinda na inatetemeka kama nyuzi zilizoloa. Skrini nzima inatikisika. Alama za vitufe juu ya vichwa vya wapokeaji zimefifia hazisomeki. Nikadhani pedi imekufa. Mpwa akanishika bega: "Ni kelele, Mjomba. Hawakusikii." Yaani gemu imeugeuza mzomeo wa mashabiki kuwa kitu cha machoni. Kwotabeki wangu ni kijana asiye na uzoefu, wenzake hawamsikii, kwa hiyo na mimi sioni. Nilitupa kwa kukisia, ikanaswa, na nilielewa kabisa kwa nini.

Nimeishi na michezo ya video tangu utotoni na sijawahi kuona kelele za uwanja zikitumiwa kwa akili kiasi hicho. Ukicheza nyumbani kelele zinageuka, zinamwangukia mgeni. Mbio za mpira pia ni nyepesi na za kasi kuliko Madden, na walinzi wanakosea zaidi, kama wanavyokosea vijana wa vyuo kweli. Mtu anayeanza anapata tachidauni, yaani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani, mapema, na moyo unamkaa. Kasoro ya kuijua kabla ya kununua: inahitaji PlayStation 5 au Xbox Series, haishuki kwenye mashine za nyuma, na ilipotoka bei yake ilikuwa dola 70 sawa na Madden. Kama una pesa ya moja tu, na lengo lako ni raha, chukua hii. Kama unataka kuelewa mechi za NFL za Jumapili, chukua Madden.

Retro Bowl haina haja ya maneno mengi. Ni ya simu, imetoka 2020, imechorwa kwa vidoti vikubwa kama gemu za miaka ya 1980, kuipakua ni bure na toleo kamili ni chini ya dola moja. Unaona uwanja kwa ubavu. Unavuta kidole nyuma kama unavuta manati, mstari wa vidoti unakuonyesha mpira utatua wapi, unaachia. Ukiwa unakimbia, kidole juu au chini ni kukwepa, mbele ni kujirusha. Ulinzi huuchezi kabisa: gemu inakuambia tu wapinzani wamefanya nini, kisha inakurudishia mpira. Mwanzoni nililiona hilo ni pungufu. Baada ya wiki nikaona ndilo linalofanya mechi nzima itoshee kwenye mapumziko ya chai kazini. Majina ya wachezaji wa kweli hayamo. Pasi ikinaswa unajua umevuta zaidi au umeachia mapema, basi.

Nimeiacha mwisho ile ninayoipenda kuliko zote, ambayo ina zaidi ya miaka 20.

ESPN NFL 2K5 ilitoka Julai 2004 kwa PlayStation 2 na Xbox. Mfululizo wake ulianza 1999 kwenye Dreamcast, mashine ya Sega, na juu ya jalada la kwanza alikuwa Randy Moss, aliyekuwa mpokeaji wa Vikings. Hapa Minnesota ukimtaja Moss watu wazima wanatabasamu. Mwaka 2004 Madden iliuzwa dola 50. Hawa wa 2K5 wakaiweka gemu yao sokoni kwa dola 20. Gemu kamili, yenye timu zote, kwa bei isiyofika nusu! Mpaka Madden ikashusha bei kuwa karibu dola 30 kabla ya Krismasi. Kisha Desemba mwaka huo huo EA, wenye Madden, wakasaini mkataba wa kuwa peke yao na NFL. Ushindani ukaishia hapo. Tangu siku ile, gemu ya uhalisia yenye timu na majina ya NFL ni Madden tu. Nasikitika nikiliwaza hilo, maana nimezicheza za mwaka ule zote mbili, 2K5 na Madden NFL 2005, na unaona wazi kila moja ilivyomsukuma mwenzake. Madden 2005 ilileta kumgonga mtu kwa nguvu kwa kusukuma kijiti cha pedi, ulinzi ukawa na utamu wake. 2K5 ikajibu kwa miili: mkimbiaji anashikwa na mmoja, anaburuta, anakuja wa pili, wa tatu, wanaanguka fungu. Mpaka leo nikitazama mtu akiangushwa ndani ya 2K5 naona uzito.

PlayStation 2 niliipata duka moja la mitumba, na diski ya kwanza waliyoniuzia ilikuwa na mikwaruzo, ikaganda robo ya pili. Nikairudisha, wakabadilisha bila maneno. Kama unaitafuta, ipeleke diski kwenye mwanga uigeuze kabla ya kulipa.

Kinachonifunga kwenye 2K5 ni mapumziko. Robo ya pili ikiisha anatokea Chris Berman, mtangazaji wa ESPN, kama kwenye televisheni, na anaonyesha vipande vya mechi yako mwenyewe: tachidauni uliyofunga, mpira ulioudondosha, pasi uliyoporwa. Mwaka 2004! Kwa mtu anayejifunza, huo ni mwalimu anayekuja wakati umeshatulia, pedi imekaa mapajani, una nafasi ya kutazama. Mistari na mishale ni michache, na vitufe vya kukariri si vingi. Ni ile benchi ya Majengo: unatazama, halafu mkono unajua.

Jumamosi iliyopita nilichukua Vikings wa 2004, Daunte Culpepper ndiye kwotabeki na Moss yuko pembeni. Mpwa alichukua Packers. Nilitupa pasi ndefu upande wa kulia ikanaswa, dakika moja kabla ya mapumziko, nami nilikuwa na hakika mpokeaji wangu alikuwa huru. Mpwa hakubisha. Alisimamisha mchezo, akafungua marudio, akairudisha picha nyuma mpaka kabla mpira haujaanza.

"Hesabu, Mjomba."

Wawili. Na katikati yao, mbali, Moss alikuwa anakimbia peke yake.