Tahadhari: Vitabu vya baadaye vinauzwa kama chapa ya kwanza ya The Little Prince

Ndugu wakusanyaji wa vitabu vya zamani, kuna muuzaji wa mtandaoni anayedai kuwa na nakala za chapa ya kwanza ya The Little Prince, yaani tafsiri ya Kiingereza ya Katherine Woods kutoka Kifaransa cha Antoine de Saint-Exupéry, iliyotolewa New York na Reynal & Hitchcock mwezi Aprili 1943. Nimemlipa dola 700, na hadi leo hazijarudi.

Picha alizonitumia zilionyesha jalada la nje la karatasi tu. Lilikuwa na anwani ya mchapishaji, 386 Fourth Avenue, ambayo kila mkusanyaji huitafuta kwanza, nami nilipoiona niliridhika, nikaacha kudai picha ya ukurasa wa jina la kitabu. Kifurushi kilipofika, ukurasa huo ulikuwa na jina la Harcourt, Brace & World, ambalo kampuni hiyo haikulitumia kabla ya 1960. Kitabu cha baadaye kilikuwa kimevalishwa jalada la kunakiliwa. Nililitazama kwa lenzi nikakuta hata herufi, ambazo zingepaswa kuwa wino mtupu, zimeundwa kwa vitone vidogo vya rangi. Upande wa ndani ni mweupe pe, na mikunjo haina mchubuko hata mmoja. Kuuza jalada la kunakiliwa si kosa iwapo mnunuzi ameambiwa, lakini huyu alinihakikishia kwa maandishi kwamba ni la asili.

Sasa anatangaza nakala nyingine yenye sahihi ya mwandishi iliyoandikwa mwaka 1945, jambo lisilowezekana kabisa, kwa kuwa Saint-Exupéry aliondoka New York Aprili 1943 kwenda kujiunga na wanajeshi wenzake Afrika Kaskazini, na ndege yake ikapotea tarehe 31 Julai 1944. Toleo maalumu la Kiingereza alilolitia sahihi lilikuwa na nakala 525, nazo zilipewa namba.

Akiwaomba mtume fedha kama zawadi kwa jamaa ili kukwepa ada, kama alivyoniomba mimi, kataeni, kwani malipo ya namna hiyo hayana ulinzi wa mnunuzi, na ndiyo sababu dai langu lilikataliwa. Mwambieni kwanza apige picha ukurasa wa jina pamoja na upande wake wa nyuma. Picha za nakala yangu ninazo, na nitampa yeyote anayetaka kulinganisha.