Nyimbo za Phineas and Ferb: zipi zinadumu, na uanzie wapi

Nyimbo za katuni nyingi humchosha mzazi kabla hazijamchosha mtoto. Za Phineas and Ferb, katuni ya ndugu wawili Phineas na Ferb, hazinichoshi. Sababu naijua: katika katuni hii wimbo hauwekwi kuremba hadithi, unapewa kazi ndani yake. Ukiutoa, kipindi kinapwaya.

Wanaotunga ni walewale walioibuni katuni, Dan Povenmire na Jeff "Swampy" Marsh. Mwaka 2007 ilipoanza kuonyeshwa Disney Channel, mpango wa kuwa na wimbo kila mara haukuwepo. Wakubwa wa Disney walipousikia "Gitchee Gitchee Goo" katika kipindi cha "Flop Starz", ndipo wakaagiza kila kipindi kiwe na wa kwake. Wawili hao wanaandika maneno na sauti, Danny Jacob anaupanga muziki, na kazi inakwisha kwa siku chache. Haraka hiyo inasikika, na kwa maoni yangu imewasaidia: kiitikio kinaingia mapema, hakuna madoido, na wimbo mzima huisha kwa dakika moja au mbili.

Anza na huo huo "Gitchee Gitchee Goo". Hadithi yenyewe ni ya ndugu wawili wanaotaka kutoa kibao kimoja kikali kisha waachane na usanii, kwa hiyo maneno yalipaswa kuwa ya kipuuzi na yenye kunata. Ndivyo yalivyo. Mtoto asiyejua Kiingereza anakishika kiitikio siku hiyo hiyo, kwani hakina maana ya kumpita.

Bora kuliko zote, kwangu, ni "Ain't Got Rhythm". Unatoka katika "Dude, We're Getting the Band Back Together", kipindi kirefu cha nusu saa ambamo wavulana wanawakusanya upya wanabendi wa Love Händel kwa ajili ya maadhimisho ya ndoa ya wazazi wao. Mpiga ngoma wao, Sherman, sasa ni mkutubi. Anadai hana mdundo tena tangu aliposinzia kwenye kiwanda cha metronomu, vile vidude vya kuhesabia mapigo. Tazama mikono yake anapojitetea: anagonga mihuri kwenye vitabu, na kugonga huko ndiko kunakouanzisha muziki. Phineas anamjibu kwa kuimba, Sherman anazidi kukataa, na kila anavyokataa ndivyo anavyopiga vizuri zaidi. Wimbo unamaliza ubishi ambao mazungumzo yasingeumaliza. Sauti ya Sherman ni ya Steve Zahn, na anaimba kwa uchungu wa kweli, bila kuigiza kichekesho.

Mkitaka kuuimba nyumbani, mpe mtoto mmoja kitabu chenye jalada gumu na kitu cha kugongea, mwingine aimbe. Kosa la kawaida ni kukimbia. Mgongaji atulie kwanza na pigo lake peke yake mara nne au tano, ndipo mwimbaji aingie. Wakianza pamoja, kila mmoja anamfukuza mwenzake na mwisho wanaharibu wote.

"Busted" nao umejengwa kwa akili. Candace, dada wa Phineas na Ferb, anataka kuwakamatisha kwa mama, Vanessa anataka kumkamatisha baba yake, yule mwovu Doofenshmirtz. Wasichana hao hawajakaa pamoja kupanga lolote, ila wimbo unawaunganisha, nasi tunaona kwamba shida yao ni moja. "Squirrels in My Pants" lakini usiusikilize bila picha. Kichekesho chote kiko mwilini mwa Candace, aliyeingiwa na kindi nguoni na watu wakidhani anacheza. Kwenye spika peke yake unabaki wimbo wa kufokafoka wa kawaida tu.

Usikipuuze pia kile kipande kifupi kinachotaja Doofenshmirtz Evil Incorporated, kampuni ya mwovu huyo, kila jengo lake linapoonyeshwa. Sauti haibadiliki, maneno yanabadilika kufuata mahali alipo au saa ilivyo. Watoto hukisubiri, na kukibadilisha wenyewe ni mchezo mzuri wa safarini: taja jina la mtu na mahali alipo kwa sauti ile ile.

Kasoro zipo. Mzaha mwingi umo katika kuiga mitindo ya zamani, disko na roki ya miaka ya 1980, na mtoto asiyeijua anaambulia nusu. Maneno hukimbia, hivyo washa manukuu. Na agizo la wimbo kila kipindi limezaa nyingine za kujaza nafasi: mhusika anaeleza kwa kuimba kile tunachokiona tayari. Hizo nazisahau kabla kipindi hakijaisha.

Zima pia mpangilio unaorukia kipindi kinachofuata. Mara nyingi majina ya watengenezaji yanapopita ndipo wimbo unaporudi, wakati mwingine na ubeti wa ziada, na programu nyingi za kutazamia huukata hapo hapo.

Kwa kusikiliza tu, kuna albamu iliyotoka Septemba 2009, yenye nyimbo 26, nyingi zikiwa za msimu wa kwanza. Humo utaupata wimbo wa ufunguzi wa Bowling for Soup, bendi ambayo mwimbaji wake, Jaret Reddick, ndiye pia sauti ya Danny wa Love Händel, pamoja na "Gitchee Gitchee Goo" iliyorefushwa. Toleo la kipindini, fupi, bado nalipenda zaidi.