Thunderbird na funguo za OpenPGP: tathmini ya mtumiaji wa Kampala

Tangu toleo la 78 la mwaka 2020, programu ya barua pepe ya Thunderbird, inayotolewa bure chini ya Mozilla, imekuwa na uwezo wake yenyewe wa kusimba barua, yaani kuzigeuza zisisomeke ila kwa mwenye ufunguo wake, kwa mfumo wa wazi uitwao OpenPGP. Kabla ya hapo ilibidi mtu aongeze kiongezo cha Enigmail, kisha programu ya usimbaji ya GnuPG kando yake, na wengi walikata tamaa kabla ya kuandika barua ya kwanza. Nimeitumia kwenye kompyuta yangu hapa Kampala kwa barua za kazi na za familia, na naona kwamba kutengeneza ufunguo sasa ni jambo jepesi. Kazi imebaki katika kuutunza na katika kuthibitisha ufunguo wa mwenzako.

Ndani ya mipangilio ya akaunti kuna sehemu ya usimbaji, ambako unachagua kuongeza ufunguo na programu inakutengenezea jozi: ufunguo wa umma, unaoweza kumpa yeyote ili akusimbie barua, na ufunguo wa siri wa kuzifungulia, usiopaswa kutoka mikononi mwako. Usipobadilisha chochote, utapata ufunguo wa aina ya RSA wenye urefu wa biti 3072, unaokwisha muda baada ya miaka 3, na muda huo unaweza kuuongeza. Kwa kuwa kazi yote hufanyika ndani ya kompyuta, hata bando likiisha katikati hakuna kinachoharibika.

Kasoro inayonikera ni nenosiri kuu. Thunderbird haikulazimishi kuliweka, na usipoliweka, mtu yeyote aliyeishika kompyuta yako ikiwa wazi anazisoma barua zilizosimbwa sawasawa na wewe. Katika mji ambao kompyuta hupelekwa kwa fundi na kulala huko siku kadhaa, jambo hilo lingestahili kuulizwa kabla ya ufunguo kutengenezwa, badala ya kuachwa ndani ya mipangilio ya faragha ambako wachache hufika. Nakala ya akiba ya ufunguo wa siri, kwa upande mwingine, imeshughulikiwa vizuri: programu inakutaka uilinde kwa nenosiri lake kabla ya kuihifadhi kwenye flashi. Flashi hiyo isichomekwe kwenye kompyuta za maduka ya kuchapisha kule Wandegeya, ambako mafaili ya wateja wa jana bado yamejaa kwenye skrini. Ukipoteza ufunguo pamoja na nakala yake, hakuna ofisi ya kupigia simu. Barua ulizotumiwa kwa ufunguo huo hazitafunguka tena.

Kuthibitisha ufunguo wa mwenzako, yaani kuhakikisha ni wake kweli na si wa anayejifanya yeye, kunataka subira. Kila ufunguo una alama ya utambulisho, ambayo kwa funguo hizi ni herufi (A hadi F) na tarakimu, jumla 40, zilizogawanywa nne nne, na njia ya uhakika ni kuzisoma ana kwa ana au kwa simu na mtu ambaye sauti yake unaijua. Nilizisoma na dada yangu aliyeko Mbarara, na kwa kuwa B na D hazitofautiki kwenye laini yenye mikwaruzo, tukatumia miji: A ya Arua, B ya Busia, D ya Dokolo, E ya Entebbe, F ya Fort Portal. C haikupata mji, tukaipa chai. Seva ya keys.openpgp.org husaidia kuupata ufunguo, na haiuhusishi na anwani mpaka mwenye anwani athibitishe kwa barua, lakini hiyo haitoshi kuchukua nafasi ya simu.

Ijulikane pia kinachofichwa na kisichofichwa. Maandishi na viambatisho husimbwa, na Thunderbird huficha hata mada ya barua na kuweka nukta tatu mahali pake. Mtumaji, mpokeaji na saa hubaki wazi. Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda inalinda faragha ya mawasiliano, ila sheria ya mwaka 2010 ya kunasa mawasiliano inaweka utaratibu wa kumtaka mwenye ufunguo afichue yaliyosimbwa. Kwa hiyo ufunguo unakukinga na mdukuzi, mwajiri mdadisi na kampuni inayohifadhi barua zako. Usiuchukue kuwa kinga dhidi ya amri ya mahakama.

Panapovunja moyo zaidi ni kwenye simu, na wengi wetu husomea barua huko. Asiye na OpenPGP ataona faili lisilofunguka liitwalo encrypted.asc, kisha atakuuliza kwa WhatsApp umemtumia nini. Thunderbird ya Android, iliyotoka mwaka 2024 ikiwa imejengwa juu ya programu ya barua pepe ya K-9 Mail, inahitaji programu ya pili ya kutunza funguo, OpenKeychain, ndipo iweze kusimba, na ufunguo inabidi uuhamishe mwenyewe kutoka kwenye kompyuta. Wakili au mwandishi wa habari mwenye watu wachache wa kuandikiana nao kwa siri asisite kuianza kwenye kompyuta, ambako naipa nyota nne kati ya tano. Ya simu naipa mbili.