Kidude cha Kupimia Gari cha Elfu Ishirini na Tano: Namba Ni Mwanzo Tu

Habari zenu wadau, karibuni tena. Kidude hiki mnachokiona mkononi ndicho mnachoniulizia kila mara. Kimeandikwa ELM327, kinatumia Bluetooth, kinaenea kwenye kiganja, na Kariakoo nimekitoa kwa elfu ishirini na tano. Muuzaji kaniambia kinapima gari zote. Hiyo kauli tutaishughulikia hapa hapa, maana haina ukweli hata robo.

Mwenye haraka nimpe jibu kabisa aende zake: kinafaa. Ila hakifai kwa ile kazi ambayo wengi wanakinunulia. Wengi wanataka wachomeke, wasome namba za hitilafu, wafute taa, safari iendelee. Kwa matumizi hayo umetupa hela. Thamani ya hiki kitu iko kwenye kukuonyesha injini inafanya nini wakati inaunguruma, na ndicho tutakachokifanya leo kwa gari mbili: hii Toyota IST ya 2003, na hii nyingine ya Ulaya, ya 2006, iliyoingia kutokea Uingereza. Zote zina taa ya cheki injini inayowaka, na zote wenye nazo walishaambiwa watoe masega, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosti.

Tuanze na kuunganisha, maana hapo ndipo wengi wanakwama. Tundu liko chini ya usukani, lina pini 16. Unachomeka, unawasha swichi, unatafuta kidude kwenye Bluetooth ya simu, namba ya siri huwa ni 1234. Simu iwe ya Android. Mwenye iPhone, hiki cha Bluetooth ya kawaida hakitakubali, tafuta cha Wi-Fi au cha Bluetooth LE. Kwenye simu mimi natumia programu ya Torque, na Car Scanner nayo ni nzuri.

Gari ya Uingereza imekubali hapo hapo. Hiyo haishangazi, kwa sababu gari za petroli za Ulaya zililazimishwa kuwa na mfumo huu kuanzia 2001, na Marekani walishatangulia 1996. Sasa njooni kwenye IST. Tundu lipo, taa ya kidude inawaka, simu inazunguka, inazunguka, hamna kitu. Hapa ndipo mtu anarudisha kidude dukani na kumtukana muuzaji. Subiri. Gari nyingi za soko la ndani la Japani za miaka ile zina tundu lile lile, ila kompyuta yake haiitiki salamu ya kawaida. Ingia kwenye mipangilio ya gari ndani ya programu, kuna sehemu ya kuandika amri za kuanzia. Andika hizi, nazipitisha taratibu hapa kwenye kioo: ATIB96, ATIIA13, ATSH8113F1, ATSPA4, ATSW00. Kila moja mstari wake. Hifadhi, zima swichi, washa tena... Mnaona? Imeitika. Data haziji zote na zinakuja polepole, kwa hiyo fungua mbili tatu kwa wakati mmoja, usijaze kioo kizima.

Kuna kitu cha kuangalia hapo. Chipu ya ELM327 ilitengenezwa na kampuni ya Kanada, Elm Electronics. Toleo lao la kwanza halikuwa na kinga, likanakiliwa dunia nzima, na kampuni yenyewe ilishafunga 2022. Hivi vilivyojaa madukani ni nakala. Kichekesho ni kwamba vingi vimeandikwa v1.5, toleo ambalo wenye chipu hawakuwahi kulitoa, na bado mara nyingi hivyo ndivyo vinavyofanya kazi vizuri kuliko vilivyoandikwa v2.1. Nyingi kati ya hizo v2.1 zimepunguzwa amri, na zinazokosekana ni kama hizi nilizozipitisha sasa hivi. Mwenye gari ya Japani ya zamani, mwambie muuzaji mjaribu kwenye gari yako kabla hujatoa hela. Akikataa, duka la pili liko mlango unaofuata.

Haya, tusome. Hii ya Uingereza imetoa P0420. IST imetoa P0171. Kabla sijagusa kitufe cha kufuta, napiga picha kioo. Gari nyingi huwa zinatunza hali ya injini pale tatizo lilipotokea: joto, mwendo, mizunguko. Ukifuta namba na hiyo inaondoka, na fundi utakayempelekea hana pa kuanzia.

P0420 maana yake masega hayasafishi moshi kama inavyotakiwa. Mafundi wengi wakiiona tu wanachukua msumeno. Kumbe kompyuta haiyaoni masega yenyewe. Inachokiona ni sensa ya oksijeni iliyo nyuma yake, na kupitia hiyo inakisia. Kwa hiyo na sisi tuiangalie hiyo hiyo. Injini imeshapata moto, nashikilia resi kwenye mizunguko kama 2500 kwa dakika. Masega yakiwa mazima, huu mstari wa sensa ya nyuma unatulia karibu na volti 0.6 au 0.7, unapanda na kushuka kidogo kidogo tu. Huu wetu je? 0.1, 0.8, 0.2, 0.9. Unaruka kama kitenesi.

Bado sijayahukumu masega. Bomba likivuja jirani na sensa linaweza kudanganya kwa namna hiyo hiyo, kwa hiyo tumepita chini na maji ya sabuni, kwenye kila maungio, injini ikiwa bado ya baridi. Hakuna povu. Basi ni kweli yamechoka. Lakini ngoja, kwenye kumbukumbu kuna namba nyingine ambayo hakuna aliyemsomea mwenye gari: P0302. Silinda ya pili inamisi, yaani kuna zamu petroli yake haiungui. Namuuliza, anasema ndiyo, taa ilikuwa inapepesa akipanda mlima, ikaacha yenyewe, akaona imepona.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Taa ya cheki injini ikiwaka na kutulia, una muda wa kupanga. Ikipepesa, punguza mwendo na usimame mahali salama. Gari inayomisi inatupa petroli mbichi kwenye ekzosti, petroli ile inakwenda kuungulia ndani ya masega, na yanayeyuka. Huyu bwana angefunga masega mapya leo bila kugusa koili na plagi ya silinda ya pili, mapya nayo yangekufa. Na angekubali kuyatoa kabisa, taa isingezimika, kwa sababu mstari wa sensa ya nyuma ungeendelea kuruka vile vile. Halafu fundi akikwambia atakutolea masega bure, muulize na yeye anayapeleka wapi. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wake wapo.

IST sasa, na hii ndiyo iliyonipendeza zaidi. P0171, mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Mwenye gari alishauziwa sensa ya oksijeni, akauziwa pampu ya mafuta, taa ikarudi. Fungua LTFT kwenye kioo. Hii inaonyesha kompyuta imeongeza au imepunguza mafuta kiasi gani kwa muda mrefu. Ikicheza karibu na sifuri ni nzuri, ikipita asilimia kumi kuna jambo. Ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, hii inasoma 19 juu ya sifuri. Napandisha resi, angalieni: 15, 10, 6. Inashuka.

Kama pampu ingekuwa imechoka au filta imeziba, namba ingepanda pale injini inapohitaji mafuta mengi. Hii inafanya kinyume. Injini ikiwa silensa, hewa kidogo ya wizi, inayopenya pasipotakiwa, ni sehemu kubwa ya hewa yote, ukikanyaga inamezwa. Kwa hiyo tunatafuta tundu. Linaweza kuwa upande wa kuingiza hewa, mpira uliopasuka kwa mfano, au upande wa ekzosti kabla ya sensa ya kwanza. Wengi wanabisha hili la pili, wanasema ekzosti inasukuma nje, itavutaje ndani? Moshi unatoka kwa mapigo, na katikati ya pigo na pigo bomba linavuta. Hewa ya nje inapenya kwenye ufa, sensa inaona oksijeni, kompyuta inaamini injini ina njaa, inamwaga petroli zaidi. Wewe unalalamika IST yako inakula wese kama Land Cruiser.

Sikilizeni sauti yake ikiwashwa asubuhi... tk-tk-tk-tk. Mnaisikia? Ikipata moto inapungua, chuma kinatanuka na kuziba. Mtu mmoja anaziba mdomo wa bomba nyuma kwa tambara lililolowa, sekunde chache tu, mwingine anasikiliza mbele. Na hapa kwenye maungio ya manifodi, bomba linalopokea moshi kutoka kwenye injini, kuna masizi meusi yametambaa. Gasketi imekufa. Fanyeni kazi hii nje, sio kwenye gereji iliyofungwa, moshi huu hauna huruma. Tumefunga gasketi mpya, nimefuta namba, gari imetembea. Sasa hivi LTFT silensa ni 3.

Yale kidude hakitakwambia. Rangi ya moshi angalia kwa macho yako. Wa bluu ni oili inaungua, ringi au sili za valvu. Mweusi ni petroli nyingi. Mweupe mzito usioisha injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yanapungua, hiyo ni silinda hedi au gasketi yake. Na taa nyekundu ya oili haihitaji mashine: zima injini, basi. ABS na ya airbag, programu hizi za kawaida haziwezi kuzisoma kwenye gari nyingi.

Mnaonunua gari mkononi, kibebeni siku ya kukagua. Kwanza washa swichi bila kuwasha injini, taa ya cheki injini lazima iwake. Isipowaka, ama imeungua, ama kuna mtu ameichomoa au ameifunika. Kisha kwenye programu fungua sehemu ya majaribio ya mfumo, yale ambayo kompyuta ya gari hujipima yenyewe. Ukikuta mengi hayajakamilika, kuna mtu amefuta namba au amechomoa betri hivi karibuni. Muulize kwa upole kwa nini.

Ukimaliza kupima chomoa kidude, pini namba 16 ina umeme wa betri muda wote hata swichi ikiwa imezimwa. Niliwahi kuulizwa pia kuhusu kuunganisha pini 4 na 13 kwa waya ili taa ihesabu namba kwa kupepesa. Ndiyo, kwenye Toyota nyingi za zamani inafanya kazi, ila hiyo 16 iko safu ile ile ya chini kama 13, kwa hiyo hesabu mara mbili kabla hujachomeka.

Na wale wa Hiace za dizeli zenye injini ya 3L mnaoniuliza kama kitawafaa: hapana. Pampu yenu ni ya mekanika, hakuna kompyuta ya injini ya kuongea nayo. Hiyo elfu ishirini na tano nunueni filta ya dizeli.